Mfereji Nilioufunga Mwenyewe

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, mwanangu, jua limewaka kama la Mombasa lakini baridi haijasogea hata hatua, ile baridi ambayo ukivuta pumzi nywele za puani zinakakamaa. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Bi Rukia, mtaa wa Phillips hapa Minneapolis, koti nimeshalivaa, funguo za gari mkononi. Mfereji wa sinki ulikuwa ukitiririsha uzi wa maji, mwembamba kama uzi wa kudarizia kofia. Nikanyoosha mkono, nikaufunga. Kisha nikatoka zangu.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Huenda ukacheka, useme huyu mtu mzima anatubu kwa kufunga mfereji. Cheka, mwanangu, lakini usiondoke. Jambo dogo halina mlango wake. Huingia kwa mlango ule ule wa makubwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na miezi minane Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la kupeleka mizigo, na kazi ilinifaa, kwa kuwa mimi tangu utotoni ni mtu wa miguu isiyotulia. Sijapona bado. Katika miji hii miwili pacha, Minneapolis na Saint Paul, nimehama nyumba tisa, na kila niliyohama naiota. Lakini ninayoiota zaidi ni ile ya Bi Rukia, alikonipangisha chumba cha juu.

Bi Rukia alikuwa mjane wa makamo, mwenyeji wa Msambweni, pwani ya kusini. Aliishi kwa kupika mahamri na sambusa za maduka ya Waislamu mtaani. Maneno yake yalikuwa machache na chumvi yake nyingi. Kila Ijumaa asubuhi alipokuwa akikanda unga, aliwasha redio kaseti iliyokuwa juu ya friji, na jikoni pakajaa sauti ya bibi mmoja mzee.

Nyinyi mnaotumiana sauti kwa simu, ikafika kabla ya kupepesa kope, hamtajua kanda zile zilikuwa nini. Mama yake Bi Rukia hakujua kuandika. Kwa hiyo kila akisikia kuna mtu anasafiri kuja huku, aliketi na redio, akabonyeza kitufe, akazungumza na mwanawe kana kwamba yuko mkekani mbele yake. "Rukia, mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, ila goti. Mbuzi wa jirani ameingia tena mpungani." Nyuma yake ungesikia jogoo, na mtu akipita njiani akipiga hodi, na bibi akimjibu humo humo ndani ya kanda, kisha akarudi kwenye habari zake. Kwa miaka kumi alituma kanda kumi na saba. Halafu akafa, na Bi Rukia hakuwahi kumzika, maana makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika. Kanda zile ndizo zilizokuwa kaburi lake la kuzuru.

Mimi pia nilizisikiliza. Nilikuwa nikijifanya natafuta chai.

Basi mwaka ule kaka yake Bi Rukia akaugua sana huko Msambweni, na safari hii makaratasi yalikuwepo. Akakata tiketi. Siku ya kuondoka alinishika mkono wa shati, akanitembeza nyumbani kama mtalii. Alinishusha besimenti, yaani kile chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, akanionyesha mahali maji ya mji yanapoingilia. Nilikuwa nikisoma ujumbe kwenye simu. Alinionyesha hita, alinionyesha sanduku la bati lenye kanda, lililokaa sakafuni humo humo, chini ya jikoni. Kisha tukapanda jikoni.

"Swaleh, ikitangazwa baridi kali, acha mfereji huu udondoke. Uzi tu, usiwe mto. Na milango ya kabati chini ya sinki iache wazi, joto lipate kuzifikia paipu. Hita usiishushe hata ukitoka."

"Bi Rukia, maji yadondoke usiku na mchana? Hiyo si israfu?"

"Israfu ni kumwaga kisicho na kazi. Haya yana kazi, yanatembea. Maji yanayotembea hayagandi upesi." Akanitazama kuanzia juu hadi viatuni. "Kama wewe vile. Ungekuwa maji, nisingekuwa na wasiwasi."

Tukacheka. Nikasema inshallah, ile inshallah ya midomoni ambayo haikufika kifuani.

Nisikilize sasa nikueleze kwa nini niliufunga, si kwa kujitetea. Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa, na kwetu mfereji ulikuwa pambo la ukuta. Maji yalikuja kwa mkokoteni, mitungi ishirini imepangwa, na mwenye mkokoteni akijua wiki hii mifereji imekauka mji mzima, alitembea kama sultani. Marehemu mama alikuwa akiacha mfereji wazi na ndoo ya bati chini yake, ili maji yakirudi saa yoyote tusikie yanavyolia kwenye bati, tukurupuke sote na sufuria. Kwa hiyo sauti ya tone kwangu haikuwa sauti ya kupuuzwa. Ilikuwa amri. Siku tatu niliuvumilia uzi ule wa Bi Rukia, na siku tatu sikukaa vizuri. Kila tone lilikuwa kama mama ananiita, nami nimekaa.

Jumamosi ile rafiki yangu Kaingu alinipigia kutoka Fridley. Kulikuwa na arusi ya kijana wa Kilifi, na watu wangekaa huko hadi Jumatatu.

"Nimeachiwa nyumba," nikamwambia.

"Nyumba haina miguu, bro! Itaenda wapi? Ku-drive mpaka huku ni dakika ishirini tu. Au umekuwa askari wa mlangoni?"

Hakuna kitu kinachomuuma kijana kama kuitwa mlinzi wa mlango. Nikavaa koti. Na kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, niliiacha nyumba kama mama alivyonifunza kuiacha: mfereji umefungwa, milango ya kabati imefungwa, moto wa hita umepunguzwa, maana nani anayeacha jiko linawaka akitoka? Yote matatu ni adabu kwetu. Hapa yote matatu ni sumu. Mgeni hapotei kwa ujinga tu, mwanangu. Hupotea pia kwa mazuri aliyotoka nayo kwao.

Nilirudi Jumanne adhuhuri, baridi imelegea kidogo. Ngazi za mbele zilikuwa na barafu mpya, laini kama kioo, na sikuelewa ilikotoka hadi nilipofungua mlango nikasikia maji yakinguruma ndani ya ukuta. Yalikuwa yakitoka chini ya sinki, yakipenya sakafuni, yakishuka besimenti. Nilishuka ngazi mbili nikasimama. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya tatu kutoka chini, meusi, na mahamri ya biashara ya Bi Rukia yaliyokuwa kwenye friza ya huko chini yakielea ndani ya mifuko.

Na hapo ndipo nilipogundua kuwa sijui maji yanafungiwa wapi.

Nikakimbilia kwa jirani, Baba Kalala, Mkongomani mnene aliyekuwa akifanya kazi za usiku na kulala mchana. Alitoka na kaptura, viatu vya theluji miguuni.

"Kijana, robine kubwa iko wapi?"

"Sijui, Baba."

"Unalala mu nyumba miezi munane, haujui kwenye maji inaingilia? Aa! Na mwanamuke wako utamujua kweli?"

Hakungoja jibu. Akaingia kwenye maji yale ya kuua mtu, akapapasa ukuta wa upande wa barabara nyuma ya rafu, akakizungusha kitu, na mngurumo ukakoma. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunitukana. Alipotoka meno yake yalikuwa yakigongana, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale ngazini.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Niliyazoa, mwanangu, siku mbili kwa ndoo. Yalizoleka. Kisichozoleka kilikuwa ndani ya sanduku la bati.

Siku ya tatu fundi alikuja akakata ukuta, akanionyesha ile paipu. Ilikuwa na ufa mdogo, si mrefu kuliko kucha ya kidole gumba. Umewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza? Maji yakiganda hutanuka, na chupa hupasuka. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi akasema ufa ule huenda ulikuwepo tangu Jumapili, ila barafu yenyewe iliuziba kwa ndani, na nyumba ikaonekana salama. Ni joto liliporudi ndipo maji yalipoupata mlango.

Nilikuwa nimezitandaza kanda zote kumi na saba juu ya taulo mbele ya hita ndogo ya umeme, kama mtu anayeanika dagaa, wakati simu ilipolia. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alikuwa Bi Rukia, na sauti yake ilikuwa imechoka. Kaka yake alikuwa amezikwa juzi.

Nikampa pole, akaipokea. Kisha akauliza, "Nyumba salama?"

"Salama, Bi Rukia."

"Baridi je?"

"Ipo, lakini tumeizoea."

"Mfereji umeuacha?"

"Nimeuacha."

Nilijiambia ni huruma. Mtu yuko matangani, nimwongeze msiba? Uongo mwingi wa watu wazuri huvaa kanzu ya huruma. Lakini sikiliza alilosema baada ya hapo, maana nimelisikia kila majira ya baridi tangu siku ile.

"Hapa wifi yangu anafungua sanduku la marehemu mama. Kumbe kuna kanda nyingine nne, zile alizokuwa akikosea akaanza upya. Amekohoa, amesahau, anacheka peke yake humo. Wifi anauliza anitilie mzigoni au awape watoto wachezee. Mzigo umeshapita kilo, nami ninazo zangu. Nimemwambia awape watoto."

Akanyamaza kidogo, kama aliyekuwa akinipa nafasi. Hakuwa akinipa, alikuwa akipumua tu. Lakini nafasi ilikuwepo, kubwa, mtu angeweza kupita na gari. Neno moja lilitosha: zichukue. Nisingehitaji hata kueleza. Mbele yangu utepe wa kahawia ulikuwa umevimba na kujikunja ndani ya plastiki, nami nilikuwa nimeshajua moyoni kuwa hauwezi kupona. Ulimi wangu ukaganda kama ile paipu.

"Sawa, Bi Rukia," nikasema. "Safari njema."

Nilimpokea uwanja wa ndege baada ya siku kumi. Shikamoo, marahaba. Njia nzima nilizungumzia theluji. Alipofungua mlango alisimama, akanusa. Nyumba iliyolowa ina harufu yake, kama nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Hakuniuliza. Akashuka besimenti na koti lake, akapanda na kanda moja kati ya zile nilizozirudisha sandukuni, akaitia kwenye redio juu ya friji.

Ilizunguka. Sauti ilitoka, nzito, ya pole pole, ya mtu anayezungumza kutoka chini ya kisima. Mara moja nilidhani nimesikia "Rukia". Kisha utepe ukakwama, ukaliwa na mashine.

Akaizima. Akakaa kitini, koti hajalivua.

"Siku ile ya simu, Swaleh, hizi zilikuwa zimeshalowa?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Paipu ikipasuka huitwa fundi. Mfereji uliufunga kwa sababu mamako alikulea uyaheshimu maji, na hilo nilikusamehe nilipokuwa nashuka zile ngazi. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya sanduku la mama yangu, nalo liko wazi. Ningeinama tu."

Basi. Hakurudia tena maisha yake yote. Akavua koti, akatoa unga. Ijumaa iliyofuata alikanda kimya, na Ijumaa nyingine pia, na jikoni mle nilijifunza kuwa kimya kina uzito kuliko sinia la shaba. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikuambiwa, wala sikustahili.

Miezi kadhaa baadaye nilitafuta namba ya yule wifi, nikampigia bila Bi Rukia kujua, nikamuuliza habari za zile kanda nne. Alicheka.

"Kanda zile! Watoto walizivuta utepe wote nje. Tukaona usipotee bure, tukaufunga kwenye vijiti mpungani. Upepo ukipita unavuma hasa. Mwaka huu ndege hawakuthubutu."

Nilikaa ndani ya gari, injini inanguruma, nikawaza yule bibi amenyooshwa juu ya shamba lake mwenyewe, akipepea juani. Nikaona nina njia mbili tena, kama siku ile. Kunyamaza, au kusema. Njia ya mwongo ni fupi. Ile yangu nilikuwa nimeshaimaliza. Nikaendesha hadi nyumbani moja kwa moja, nikamkuta anakata vitunguu, nikamweleza neno kwa neno.

Bi Rukia aliweka kisu chini. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, kisha sikujua tena kama ni kicheko. "Alikuwa akiwachukia ndege wale," akasema. "Ee mama. Basi amewapata." Akajifuta kwa kanga. "Ahsante kwa kuniambia, Swaleh. Kaa ule."

Sitakudanganya kwamba mambo yalirudi kama zamani. Nilihama mwaka uliofuata, nikaenda Golden Valley, halafu Saint Paul, halafu sijui wapi. Lakini kila Oktoba, majani yakianza kudondoka, simu yake ilikuja: "Njoo." Hakuita fundi. Aliniita mimi, nami niliacha lolote nikaenda. Alisimama nyuma yangu amejifunga kanga juu ya sweta, akitazama mikono yangu. Nilifungua mpira wa kumwagilia bustani kutoka mfereji wa nje, nikafunga valvu ya ndani, kile kifungio cha maji yake, nikauacha ule mfereji wa nje wazi ili maji yaliyobaki yajitoe. Nilivisha paipu za ukuta wa nje sponji. Niliziba nyufa zinazopitisha upepo. Mwisho alinishusha besimenti, akaniambia nifumbe macho nitembee hadi kwenye valvu kubwa, ile aliyoizungusha Baba Kalala, niishike. Nikiishika alisema "haya", tukapanda kunywa chai. Miaka kumi na moja tulifanya hivyo. Kisha akarudi Msambweni na maradhi yake, na huko amelala, kando ya mama yake. Sikuwahi kumzika.

Juzi nilipita Phillips. Nyumba ina watu wengine. Theluji ya kwanza imetangazwa, na mpira wa maji bado umefungwa kwenye mfereji wa nje. Niligonga, akafungua dada mmoja amebeba mtoto, akanitazama kama mwendawazimu nilipomweleza. Akaniruhusu. Niliufungua kwa mikono mitupu, na chuma kilikuwa baridi hadi kikanibana ngozi.

Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyefika juzi, uliyekabidhiwa funguo na mtu aliyekuamini. Funguo ni amana, mwanangu. Siku ile ile unayozipokea, weka simu mfukoni, uliza maji yanaingilia wapi na yanafungiwa wapi, na uishike hiyo valvu kwa mkono wako. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kumkimbilia Baba Kalala maji yakiwa ngazini. Nje umalize mambo yako Oktoba. Baridi kali ikija, acha uzi wa maji utembee, na moyo ukikuuma kama ulivyoniuma, weka ndoo chini yake ufulie. Acha kabati wazi, usishushe joto kwa sababu unatoka. Ukisafiri kwa siku nyingi, funga valvu kubwa kisha fungua mifereji yote ijitoe. Na ukikuta paipu imeganda, usiipelekee moto. Fungua mfereji, ipashe pole pole kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa mfereji.

Lakini hayo fundi yeyote angekwambia. Langu mimi ni hili: usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulio mbaya zaidi ni ule uliozibwa na barafu, nyumba ikaonekana salama. Ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo. Mwambie akiwa matangani, mwambie akiwa safarini, mwambie sauti ikikutetemeka. Hujui yeye kasimama mbele ya sanduku gani.

Mungu akupe nyumba isiyopoa, mwanangu. Akupe maji yanayopita, jirani mwenye maneno makali na mikono mepesi, na ulimi usioganda siku utakapohitajika. Na wale waliotupokea kwenye baridi hii, ambao hatukuwahi kuwazika, Mungu awalaze pahali penye joto.